Ng'ombe wa Bibi Haendi Malishoni

Mimi nimewahi kusafiri kwa meli. Nikilisema hilo kijiweni kwetu Bariadi, bodaboda wenzangu wanacheka mpaka wanalalia tenki za pikipiki, kwa sababu wanajua meli yenyewe ilikuwa kivuko, na abiria wenzangu walikuwa kuku, magodoro na lori moja la soda. Sasa kivuko si kinaelea? Si kina honi na nahodha? Mnataka nini tena?

Tulikwenda Ukara, kisiwa kidogo kilichojificha nyuma ya Ukerewe. Tulikuwa wawili, mimi na guku, yaani babu yangu mzaa baba. Guku alikuwa mtu wa Zagayu, mtu wa ng'ombe na pamba, na ziwa alikuwa analijua kwa kusimuliwa tu. Asubuhi hiyo alishuka mjini na fimbo yake na kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, akanikuta kijiweni, akapanda nyuma ya pikipiki kama mtu aliyeniita.

"Guku, tunaenda wapi?"

"Kwa dada yangu. Naenda kumchukua."

Dada yake huyo ndiye aliyemfuata kuzaliwa. Aliolewa zamani na fundi mitumbwi wa huko Ukara, akavuka maji, basi. Baba yangu alimwona mara chache, mimi nilimjua kwa sauti ya simu tu. Mume wake alikuwa ameshafariki, na watoto wametawanyika, huyu Mwanza, yule Geita. Guku akaona haiwezekani dada yake azeekee katikati ya maji kama kiboko. Akamjengea nyumba ndogo ya bati nyuma ya mji wake, akawatangazia watu wote Zagayu kwamba dada anarudi. Kitu kimoja tu alisahau, kumuuliza dada.

"Si ungempigia kwanza?" nikamwambia.

"Simu ni ya kuambiana msiba. Jambo zuri unalipeleka kwa miguu."

"Kwa miguu gani, na umekalia pikipiki yangu?"

"Washa, wewe. Una mdomo kama wa bibi yako."

Pikipiki niliiacha kwa rafiki yangu, tukapanda basi. Lamadi, Bunda, Kisorya, kivuko cha kwanza, Ukerewe yote, halafu kivuko cha pili. Mimi nilikuwa nimenunua miwani ya jua pale sokoni Bariadi, nikasimama mbele kabisa upepo unanipiga, nikajipiga picha na kuirusha status: "Niko ziarani majini, msinitafute." Guku alikuwa amekalia kiroba cha michembe, fimbo katikati ya magoti, macho yameganda kwenye mbao za sakafu.

"Guku, unaogopa?"

"Niogope nini? Nalinda michembe."

Honi ikapigwa, guku akaruka wima. Akatazama huku, akatazama kule, akakaa tena taratibu. "Huyo dume," akasema, "ana sauti."

Mama mmoja mwenye beseni la dagaa alicheka mpaka akashika mbavu. Nikikumbuka safari ile, kicheko cha yule mama ndicho kinachotangulia, halafu harufu ya dizeli na dagaa, halafu guku akijifanya hajasikia.

Bandari ya Ukara ilikuwa kipande cha saruji, mchanga, na mawe makubwa yaliyopandana kama ya kwetu, utadhani nayo yalivuka na kivuko. Ukishuka hapo hakuna wa kukuuliza unataka hoteli gani. Watu wanakutazama tu, wanajua wewe ni wa kwa nani kabla hujasema. Bibi alikuwa anatusubiri, nilikuwa nimempigia kwa siri tukiwa Kisorya. Alikuwa mdogo wa umbo, mweusi tii, kanga kiunoni. Alipomwona kaka yake akapiga magoti palepale mchangani, mbele ya wabeba mizigo na kuku wao, akamsalimia kwa Kisukuma cha zamani, kile chenye kuuliza mji, ng'ombe na mvua. Guku akajibu yote, mhola, mhola, yaani salama tupu.

"Vumbi," akasema, anafuta macho.

Vumbi lipi, wakati mbele yetu ni maji matupu?

Bibi akanigeukia. "Na huyu mume wangu mbona kavaa miwani, anaumwa macho?"

"Nimeficha uzuri, bibi. Wasichana wa huku wasije wakaanguka majini."

"Utaanguka wewe. Beba kiroba hicho, mume gani anatembea mikono mitupu?"

Njiani guku alikuwa anageuza shingo kila hatua. Kwetu ukitoka nje ya mji unaona mbuga mpaka macho yachoke. Ukara hakuna mahali patupu. Uwele, mihogo, njugu mawe, uwele tena, mpaka kwenye upenyo wa jiwe na jiwe kuna mche wa mtu. Guku alibanwa na haja ndogo, akatafuta pa kujisitiri, kila alipogeuka ni shamba la mtu, akavumilia mpaka nyumbani kwa bibi huku anatembea kama bata.

"Huku kila kitu kina mwenyewe," bibi akamwambia. "Hata mti ule, mwenyewe yuko kule ng'ambo. Jani likidondoka, la kwake."

"Na kivuli?" nikauliza.

"Kivuli kaa tu, mume wangu. Ila usikifuate kikihamia kwa jirani."

Tulipoingia ndani ndipo guku alipoona. Upande mmoja wa nyumba palikuwa na shimo pana, kina chake kiunoni, na ndani ya shimo amesimama ng'ombe jike mwekundu, anatafuna majani, anatutazama kama mwenye nyumba. Bibi alieleza vizuri tu. Kisiwani hakuna malisho, kwa hiyo ng'ombe anakaa ndani, analetewa majani na maji, na samadi inajaa humo chini yake mpaka ifike juu, halafu inatolewa na kupelekwa shambani.

Guku hakusikia hata neno moja. Alikuwa ameshika ukingo wa shimo kama mtu aliyefika gerezani kumwona ndugu.

"Amekosa nini huyu?" akauliza.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na samaki, halafu bibi akachemsha michembe yetu. Alitia kipande cha kwanza mdomoni, akakitafuna taratibu. "Ya udongo mwekundu wa kule bondeni," akasema, na kweli ilikuwa ya huko. Guku akaona mlango umefunguka. Akanipiga kiwiko, nikatoa simu nikamwonyesha bibi picha ya nyumba. Bibi akaikuza kwa kidole, akaitazama sana.

"Bati linang'aa."

"Jipya," guku akasema. "Ni yako. Kivuko cha kesho mchana tunarudi wote. Nauli yako nimekuja nayo."

"Mlango unaangalia wapi?"

"Zizini. Uwe unaona ng'ombe wakirudi."

Bibi akanirudishia simu. "Kuleni, michembe inapoa," akasema. Basi. Guku akalala anajua ameshinda, mimi nikalala najua bado, kwa sababu mimi nina mama na dada, najua "kuleni" ya namna hiyo.

Asubuhi bibi akateremka ziwani kuchota maji. Nilikuwa nje napiga mswaki, nikasikia ndani guku anapiga mluzi, ule wa wachunga ng'ombe wa kwetu, mrefu halafu unakatika. Upande wa mlangoni samadi ilikuwa imerundikana, shimo limebaki fupi. Mara natazama, guku anatoka na fimbo begani, na nyuma yake ng'ombe wa bibi.

"Guku! Unafanya nini?"

"Anyooshe miguu kidogo. Na yeye ni mtu."

Ng'ombe mwenyewe alitoka anapepesa macho. Kwato zake zilikuwa ndefu zimejikunja mbele kama viatu vya bwana harusi, akawa anakanyaga kwa adabu sana. Hatua ya kwanza, ya pili, guku anatabasamu, ananiambia umeona? Halafu ng'ombe akanusa upepo. Sijawahi kuona mnyama akibadilika hivyo. Alichomoka mbio na zile kwato zake, akapita katikati ya mihogo, akaingia kwenye njugu mawe za jirani, akainamisha kichwa, na hakukiinua tena. Guku akapiga mluzi. Kule Zagayu mluzi ule unarudisha kundi zima kutoka bondeni. Huyu hakuwahi kuchungwa hata siku moja, aliuona kama wimbo wa kulia chakula.

"Mvute mkia!" guku akaniamrisha.

"Vuta wewe uliyesema ni mtu!"

Ukara ukiita msaada kidogo tu, anakuja kila mtu, maana hakuna aliye mbali. Mbele yao alikuwa mwenye shamba, mama mrefu mwenye jembe, na kelele yake ilifika ziwani kabla yake. Bibi alirudi ndoo kichwani, akaitua, akamshika ng'ombe pembe, akamnong'oneza kitu kwa Kikara, na ng'ombe akamfuata kama mtoto aliyekutwa na sukari mkononi.

Yule mama akamtazama guku, fimbo, viatu vya matairi, kofia. "Huyu ndiye kaka yako uliyekuwa unatusifia?"

"Ndiye," bibi akasema.

"Anafikiri hapa ni mbuga?"

"Anafikiri kila mahali ni Zagayu. Msamehe, shoga yangu. Sema unataka nini."

Nilidhani atataka mbuzi. Yule mama akapima kwa macho zile njugu zilizoliwa, akasema, "Kilichoingia kwa mbele kinatoka kwa nyuma. Samadi ya humo ndani, mgeni aibebe mpaka shambani kwangu, mpaka niseme basi."

Watu wakaangua kicheko. Guku akanigeukia, na nilimwona anataka kucheka na yeye, maana kwetu samadi ni kilima nyuma ya zizi, watoto wanatelezea. Lakini bibi alikuwa ameshampa tenga.

Tulibeba, guku na mimi. Miwani yangu iliingia samadi kioo kimoja. Yule mama akawa anasimama na jembe lake, "Ongeza hapo, mzee, hujamaliza deni hilo," na guku anamjibu, "Kwenu mavi ni dhahabu, basi mimi kwetu ni tajiri, njoo nikuoe," na yule mama, "Utanilisha nini, mluzi?" Kufika katikati ya asubuhi walikuwa wanataniana kama wamekua pamoja. Nilipomwangalia guku, shati limemganda mgongoni, nikagundua alikuwa hajafurahi hivyo tangu tuondoke nyumbani.

Matenga ya mwisho bibi aliomba yamwagwe kwake. Shamba lake lilikuwa nyuma ya nyumba, dogo, unaweza kurusha jiwe likatoka upande wa pili. Guku akamwaga, akainama, akachota udongo. Mweusi, laini. Akaupeleka puani.

"Udongo mzuri," akasema.

"Sikuukuta," bibi akasema. "Nilipoolewa hapa palikuwa mchanga mtupu wa ziwa, unatia mbegu, ndege wanacheka. Mimi na marehemu tumeubeba kwa tenga mpaka ukawa hivyo. Na yeye yuko pale." Akaonyesha kwa kidevu, kwenye kona ya shamba, penye mawe yaliyopangwa.

Guku akaendelea kuushika ule udongo.

"Ile nyumba nimeiona," bibi akasema. "Wabeja, kaka, asante. Kweli wabeja. Lakini nikija kwako nitaletewa kila kitu. Na hapa mimi ndiye ninayeletea."

Honi ya kivuko ikalia kule chini. Hakuna aliyejongea. Ikalia tena, halafu tukasikia mashine ikienda mbali.

"Dume lako hilo limeondoka, guku," nikasema.

"Liende," akasema. "Kuna tenga limebaki."

Tuliondoka kesho yake. Bibi alitusindikiza mpaka kwenye ile saruji, akampa kaka yake kiroba cha njugu mawe, na yule mama mrefu akaleta za kwake kidogo, "za kumkumbusha adabu." Nafasi ya bibi kwenye benchi guku aliiwekea kile kiroba. Safari hii hakutazama mbao. Alitazama kisiwa mpaka kikawa kama jiwe, halafu kama nzi, halafu maji.

Zagayu wakamuuliza, dada yuko wapi? Guku akasema, "Ana kazi." Halafu akachukua sururu, akachimba shimo ndani ya ile nyumba ya bati, akaingiza mtamba mmoja mwekundu, akawa anamletea majani yeye mwenyewe asubuhi na jioni, na mbuga yote hiyo iko wazi mbele yake. Watu walicheka. Wengine walisema amezeeka vibaya. Na mimi nilicheka, ila nilikuwa natoka Bariadi siku za mapumziko kumkatia majani. Samadi yake akawa anaibeba kwa tenga mpaka kwenye kipande cha nyuma, ambacho zamani hata mbigili hazikukitaka.

Guku amefariki. Bibi alivuka maji kuja kumzika, akakaa mpaka matanga yakaisha, akaingia kwenye ile nyumba mara moja tu, akamkuta yule ng'ombe shimoni anatafuna. Alisimama mlangoni muda mrefu, anaangalia zizini, halafu akaomba tenga.

Siku hizi majani nakata mimi. Nikipata abiria wa kuelekea Zagayu nafurahi, maana ni njia ya huko huko. Bibi ananipigia, na mpaka leo ananiita mume wangu, lakini akisikia tu nimepokea, haniulizi habari zangu.

"Amekula?" anasema.

"Amekula, bibi."

"Sogeza simu nimsikie."

Naisogeza shimoni, na wote wawili tunamsikiliza akitafuna.