Mwale wa Tano

Karakanani walimwita Mama Sindano, maana mkono wake haukutikisika hata ukimshtua kwa nyuma. Kazi yake ilikuwa kupanga kathodi saba, vidude vidogo kama vifungo vya koti, kwenye kitako cha klistroni, chombo kikubwa cha kukuza mawimbi ya redio. Kila kathodi hutoa mwale wake wa elektroni, na kila mwale hupita kwenye tundu lake. Mwale mmoja ukibebeshwa kazi yote, hudai volti za kutisha; saba ikigawana, volti hupungua.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alipenda kuwaambia wageni.

Asubuhi ya majaribio, klistroni mpya ilipowashwa, upande mmoja ulipata joto kupita kiasi. Mhandisi akaizima haraka.

"Mwale wa tano unagonga ukuta wa tundu lake," akasema.

Kwa miezi mitatu macho ya Mama Sindano yalikuwa yakififia, naye akajikaza, asimwambie hata mumewe. Na ile kathodi ya tano aliipanga huku akipepesa macho kama aliyeingiwa na mchanga.

Angeweza kunyamaza. Badala yake alimvuta mhandisi kando.

"Mwanangu, huenda kosa ni langu. Macho siku hizi hayanitii."

Mhandisi hakufoka. "Mama, tusilie kabla ya msiba. Tuigeuze ile sumaku inayoongoza miale. Joto likihama nayo, sumaku ndiyo mbovu. Likibaki palepale, ni kathodi."

Kuifungua sumaku na kuigeuza kulichukua saa nzima. Mama Sindano alikuwa akimpitishia spana. Wakawasha tena, umeme kidogokidogo.

"Limehama!" mhandisi akapaza sauti. "Liko upande wa pili!"

Ndani ya sumaku wakakuta koili moja ya waya imekaa upande. Kathodi zote saba zilikuwa sawasawa.

Mama Sindano aliketi juu ya kasha la vyuma, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Nilishajizika mzimamzima!"

"Lakini kesho sikutaki hapa," mhandisi akasema. "Nenda ukapimwe macho."

"Nitakwenda, baba. Hata leo ukitaka."

Jioni alimsimulia mumewe yote, bila kuficha. Mzee akaweka kikombe chini.

"Kumbe! Nami nilidhani chumvi unayonitilia kwenye chai ni hasira zako."