Mama Mkwe na Kijiko Changu

Naapa kwa ng'ombe wangu wote mia tatu, hapa hamna neno la uongo. Mama mkwe wangu ana ugonjwa wa kusahau, hata jina la mke wangu, binti yake wa kumzaa, limempotea. Mke alipokwenda msibani Basotu nikamwambia, "Niachie mama, Mbulu nzima hakuna anayenishinda kulisha." Siku tatu bibi hakumeza hata tonge. Nikaona namzika kabla mke hajarudi. Nikampandisha basi la Haydom, hospitalini.

Nesi alikuwa na fomu yake. "Shikamoo baba. Mlishe nione."

Nikasogeza kijiko cha uji. Bibi akageuka, akajifunika uso kwa khanga. Nesi akaandika.

"Anatema? Anapaliwa?"

"Hapana, anafunga mdomo tu."

Akaandika tena. Niliogopa watamwekea mpira wa kulishia puani, nikamsogezea kijiko tena kwa haraka, uji ukamwagikia suruali yangu.

"Wewe ni mwanawe?"

"Mkwe wake."

Akaweka kalamu chini. "Baba, toka nje kidogo."

Nikachungulia dirishani. Bibi alishika kijiko mwenyewe, akamaliza bakuli, akaomba lingine.

"Amesahau watu wote," nesi akaniambia, "ila kula mbele ya mkwe bado anaona aibu."

Basi nyumbani nikawa naweka bakuli, natoka, nakaa na mbuzi. Mke amerudi, amekuta mama kanenepa, anausifu mkono wangu mpaka kwa majirani. Wewe uliyesoma haya, usiyafikishe kwake.