Fukusi Wanne wa Ziada

Juzi nilinunua ngwara, zile jamii ya maharage, sokoni Karatu. Mama muuzaji alipozamisha kopo guniani, vumbi la majivu likanipanda puani. Nikapiga chafya, na papo hapo nikamkumbuka bibi yangu, mzaa baba, na uongo wangu wa darasa la sita.

Nyumbani kwetu Endamarariek, ngwara ya mbegu ilichanganywa na majivu ili fukusi wasiitoboe. Bibi alishikilia kwamba yanayofaa ni majivu ya samadi ya ng'ombe tu. Mama alisema ya kuni, yaliyojaa jikoni, yanatosha. Mvutano huo ulirudi kila baada ya mavuno, na aliyeumia ni mimi, maana ndimi niliyetumwa zizini kuokota samadi kavu.

Kisha Mwalimu Paskalina, aliyetufundisha sayansi, akamwagiza kila mmoja wetu aje na swali ambalo nyumbani hujibiwa, "Ndivyo tunavyofanya siku zote." Langu nilikuwa nalo tayari. Nikatafuta chupa tatu, nikatia ngwara safi na fukusi hai kumi katika kila moja. Ya kwanza nikaiongezea majivu ya samadi, ya pili ya kuni, ya tatu sikuiongezea kitu. Kama hujawahi kuhesabu fukusi wasiotulia, usinicheke nikikuambia kwamba nilikaribia kulia. Mmoja nilimkuta jioni ndani ya sweta.

Siku ya saba nilifika darasani, chupa zilikowekwa, kabla ya wenzangu wote. Katika chupa ya tatu fukusi walikuwa wakitembea kwa raha zao. Katika zile mbili za majivu, wote walikuwa wamekufa. Samadi na kuni, sawasawa! Bibi alikuwa amekosea, na wazazi walialikwa mchana uleule kutusikiliza. Nilimpenda bibi kuliko mtu yeyote. Basi nikachukua fukusi wanne hai kutoka chupa ya tatu, nikawatia kwenye majivu ya kuni.

Mchana nikatangaza kwamba samadi imeshinda. Mama, aliyekaa kando ya bibi, aliinamisha kichwa. Mwalimu akaimwaga chupa ya pili kwenye sinia, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu.

"Uliweka wangapi?"

"Kumi, mwalimu."

"Waliokufa ni kumi. Hawa wanne wanaotembea ni wageni wa nani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nikalia, nikasema yote mbele ya mama na bibi. Mwalimu hakunichapa. Alinipa dasta na chaki, nifute nilichoandika ubaoni na niandike nilichokiona. Aibu ile naisikia hadi leo.

Njiani kurudi nyumbani, mimi na bibi tulivuka korongo.

"Mama yangu alitumia samadi kwa sababu kule tulikokaa kuni zilikuwa mbali," akasema. "Mimi sikuwahi kujaribu majivu mengine. Wewe mjukuu wangu umejaribu, halafu unanificha?"

Jumatatu asubuhi alinisimamisha mlangoni, mkononi ana chupa tupu ya mafuta ya kula. Alitaka tujaribu majivu ya magunzi.

Nilidhani nilikuwa namlinda. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba katika nyumba yetu nzima, aliyekuwa na hamu ya jibu lile kuliko wote ndiye niliyetaka kumnyima.