Mama Alipoomba Mto

Jana nilipita kando ya mto ulio chini ya mji wa Kisii. Harufu ya oili na sabuni ya magari ikanirudisha utotoni, siku ya Sabato ambayo mama alibatizwa mtoni pale pale.

Alikuwa amesimama na mchungaji, maji yakiwafika kiunoni, amevaa joho jeupe la kuazima. Sisi tuliimba ukingoni. Juu kidogo, vijana walikuwa wakiosha lori la chai kwa pampu ya maji, na povu jeusi likateremka hadi likashika joho la mama. Wimbo ukafifia. Mchungaji akasema afadhali turudi Sabato ijayo.

"Hapana," mama akasema. Akatoka majini, akapanda hadi kwa wale vijana, nami nikamfuata mbio.

"Wanangu, naomba mnipishe kidogo. Nabatizwa."

"Mathe, na sisi tuko kazini," mmoja akajibu. "Mto ni wa kila mtu."

"Ndiyo maana nimekuja kuomba."

Kijana akalitazama lile joho lililochafuka, kisha akazima pampu.

Mama akarudi mtoni, akasubiri maji yasafike, akitetemeka kwa baridi. Mimi sikutulia. Nilimtazama mama, nikawatazama vijana, nikiogopa kwamba watawasha tena. Hawakuwasha. Mama alipozamishwa, yule aliyemjibu alivua kofia.

Alipoibuka, kabla hata ya kujipangusa uso, mama aliwapungia mkono.

"Asanteni!" akaita. "Sasa endeleeni na kazi."