Kopo la Namba Nne

Mwalimu Calist hakuwa mvivu, na hilo ndilo lililomchanganya. Wiki ya tisa tangu apasuliwe ngiri, shuleni kwao Unyambwa alitembea kama aliyeficha mayai ndani ya shati. Jioni, kwenye jimu ya Deo, alinyanyua vyuma. Mtu yuleyule, tumbo lilelile. Mwenyewe alishindwa kujielewa.

Daktari alikuwa amesema wazi: mazoezi anza taratibu, ila kila mkono usivuke kilo tano mpaka miezi mitatu itimie. Calist aliishika kilo tano kama amri ya kumi na moja. Madaftari ya Kidato cha Nne hakuyagusa kabisa. Kwa kuyatazama tu aliyaona mazito. Aliyabeba Mwalimu Jesca, jirani yake wa meza, tena akamfundishia vipindi viwili vya mwisho, maana Calist alisema kusimama sana kunamvuta kidonda.

"Pona kwanza, Mwalimu," Jesca alimwambia kila siku, rundo kifuani.

Kwa Deo hakuna vyuma vya dukani. Deo hujaza zege kwenye makopo matupu ya rangi, akachomeka nondo iliyokunjwa iwe mshikio. Calist alichagua makopo mawili yenye namba nne, moja kila mkono, akajisifu kwa nidhamu: nne haijafika tano. Kwa wiki mbili yalimtoa jasho mpaka miguuni. Alidhani ugonjwa umemmaliza.

Jumatano aliingia Kidato cha Kwanza, akaandika ubaoni kwamba lita moja ya maji ina kilo moja, lakini lita moja ya mawe ni habari nyingine. Chaki ikasimama. Ile nne ilikuwa lita za rangi. Miaka kumi na mmoja analifundisha somo hilo, na halijawahi kumkamata yeye.

Jioni hiyo Deo alimsaidia kupeleka kopo kwa mnunuzi wa alizeti, wakaliweka kwenye mizani. Kilo kumi kasoro kidogo.

"Sasa ticha, si umeshanyanyua na hujafa?" alisema Deo.

Calist alijipapasa tumbo. Hapakuuma. Afurahi kwamba amepona, au aogope kwamba ameharibu asichokiona? Kila jibu lilileta swali, na la mwisho ndilo lililomkosesha raha: kama mikono yake ilibeba kilo ishirini, Jesca alikuwa akimbebea nini?

Asubuhi alimkuta Jesca ameshakumbatia rundo.

"Nipe mimi."

"Utafumuka, Mwalimu."

Ilimbidi aseme. Akasema yote, makopo, lita, mizani, macho yakiwa sakafuni. Jesca alilipandisha rundo kifuani.

"Wiki mbili?"

"Wiki mbili. Sikujua, Mwalimu. Hata sasa sijui mimi ni mgonjwa au mzima."

"Hilo kamuulize daktari leo." Jesca alimwekea rundo mikononi, akatoa chaki mfukoni akaipachika juu yake. "Kesho vipindi vya mwisho ni vyako."

Akatoka, mikono mitupu, akiinyoosha kama mtu aliyesahau kwamba inaweza kuning'inia.

Calist alibaki amesimama na madaftari. Yalikuwa mepesi, na hilo lilimuuma kuliko kidonda.