Mtaa wa Mtu Aliye Hai

Siku ile tulirudi Bukoba juu ya lori la kahawa, mwalimu na mimi, tumekalia magunia. Tulitoka Nshamba, ambako wasichana wa shule yake walikuwa wamepelekwa kuchuma kahawa katika shamba la kijiji cha ujamaa. Nami nilimsindikiza kwa sababu mama yangu anaishi huko, na mwalimu hakujua Kihaya hata cha kuombea maji. Nilikuwa nimemaliza shule na ninasubiri kupangiwa kazi. Kusubiri kulikuwa kumeniingia miguuni. Sikuweza kukaa mahali pamoja kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Nchi nzima ilikuwa inaimba kwamba tunajenga, nami nilizunguka na mikono mitupu nikitafuta tofali langu.

Mwalimu alikuwa mkimbizi kutoka nchi ya Makaburu. Alifundisha Kiingereza, na alipanga chumba katika ua wa shangazi yangu, sehemu ya mji iitwayo Bakoba. Mumewe, niliyemjua kwa picha tu aliyoitundika chumbani, alikuwa mhariri wa gazeti dogo huko kwao. Serikali ya huko ililifunga gazeti, kisha ikamfunga na yeye, na tangu hapo mwalimu hakupata neno lolote juu yake, zuri wala baya.

"Hasa walimfunga kwa kosa gani?" nilimwuliza, nikipiga kelele kushinda injini.

"Bomba la maji."

Nilidhani ananitania.

"Kitongoji kizima kilikuwa na bomba moja, nalo lilikauka," alisema. "Akaliandika. Wiki ya pili akaandika kwamba bado limekauka. Wakamwambia aache. Akaandika kwamba ameambiwa aache." Alicheka, akashika kilemba chake kisipeperuke. "Hawezi kunyamaza yule. Hata na redio anagombana. Na mkaidi! Hali ndizi, anasema ni chakula cha wagonjwa. Siku akija hapa kwenu atakufa njaa."

Nikacheka naye, ila kicheko hakikunikaa vizuri. Sisi vijana tulikuwa na gazeti letu la ukutani, karatasi tulizoandika kwa mkono na kuzipigilia misumari nje ya ofisi ya tawi la chama. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimeandika mistari michache kuhusu sabuni, ambayo dukani kwa ushirika haikuonekana ila kwa wanaojuana na muuzaji. Asubuhi yake karatasi haikuwapo. Katibu wa tawi hakunigombeza. Aliniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba adui anapenda sana kusoma habari za sabuni. Tundu za misumari zilibaki ukutani, na kila nilipopita hapo mwili uliniwasha.

Tuliteremka karibu na soko, tukatembea. Tulipoingia mtaani kwetu nilisikia harufu ya nyasi mbichi zilizokatwa, nikasimama. Kwetu nyasi mbichi hutandikwa ndani ya nyumba kwa mambo mawili: amekuja mgeni mkubwa, au amekufa mtu. Mbele yetu wanawake wawili walikuwa wanatembea na mikungu ya ndizi kichwani, na hawakuwa wakizungumza. Si jambo la kawaida mtaa wetu ule, wanawake wawili kutembea bila kuzungumza.  Nikasema moyoni, ni shangazi!

Lakini shangazi mwenyewe ndiye aliyetoka mlangoni, mzima, amejifunga majani makavu ya mgomba kiunoni kama wafiwa wa kwetu. Alinipita kana kwamba sipo. Akaenda moja kwa moja kwa mwalimu, akamshika mikono yote miwili, akamwamkia kwa neno letu la heshima.

"Pole, mwanangu. Pole sana, waitu. Tumekuandalia."

Mwalimu alitazama ndani ya chumba chake. Kitanda na meza vilikuwa vimetolewa uani. Sakafu yote ilikuwa nyasi, na juu ya nyasi walikaa wanawake wa mtaa, miguu wameinyoosha, wamefungua nywele. Mmoja alipomwona akaanza kulia kwa sauti ya juu, na wengine wakampokea. Mwalimu hakulia. Aliingia na viatu vyake, akaketi katikati yao, kikapu bado kiko mapajani.

"Nani amekuja?" aliuliza kwa Kiswahili chake alichojifunzia Dar es Salaam. "Nani ameleta habari?"

Kilio kikapungua. Wanawake wakatazamana.

"Habari si hiyo ya mtaa?" alisema mmoja.

"Mtaa gani?"

"Mtaa huu. Umepewa jina lake. Kesho wanapigilia kibao."

Hapo ndipo tulipoelezwa, vipande vipande. Tulipokuwa Nshamba, kamati ya tawi ilikaa, ikaamua kwamba mtaa wetu, ambao tangu Uhuru ulikuwa bado na jina la ofisa mmoja wa Kiingereza, sasa uitwe kwa jina la mhariri aliyefungwa. Walitaka kumheshimu, na kumtia moyo mkewe. Mjumbe wa nyumba kumi akapita mlango kwa mlango: Jumamosi mtaa utapewa jina la mume wa mwalimu, na kila nyumba ilete chochote. Basi. Watu wa Bakoba walijua majina ya mitaa ni ya nani. Ni ya magavana waliokwisha kuoza na mashujaa waliokwisha kuzikwa. Tena kila nyumba ilete chochote! Sasa kilibaki nini cha kuuliza? Shangazi alikwenda mpaka kwenye kibanja chake cha Nyanga kufuata ndizi. Hakuna aliyeshika jembe siku ile.

Mjumbe aliitwa. Alifika mbio, kofia mkononi, akakuta macho yote yanamsubiri.

"Mimi nimesema jina!" alisema. "Nani amenisikia nikisema amekufa? Ajitokeze!"

"Ulikuja umevaa koti," shangazi alimjibu. "Lini wewe umevaa koti kama si msibani?"

"Nilivaa koti kwa sababu ni kazi ya chama!"

"Na uso ule je? Ulikuwa na uso wa kazi ya chama?"

"Huo ndio uso wangu, mama!"

Bibi mmoja Mwislamu, muuza maandazi aliyeishi nyumba ya pili, alicheka kwa uchungu pale mlangoni. "Mimi niliuliza jana, huyu bwana kafa kwa nini? Mkanambia, ninyi Waswahili mna maswali mengi. Haya, jibuni sasa."

Watu wakaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Hata aliyelia kwa sauti ya juu alifuta macho akacheka. Mwalimu hakucheka.

"Kwa hiyo hakuna aliyeleta habari," alisema.

"Hakuna, mwalimu. Wallahi hakuna," alisema mjumbe.

"Hakuna mtu aliyesikia kwenye redio."

"Hakuna."

"Kwa hiyo hamjui kama amekufa."

"Hatujui! Ndiyo tunakwambia."

"Na hamjui kama yu hai."

Mjumbe akaigeuzageuza kofia yake. Nilitamani mtu aseme, hata uongo. Nilielewa kwamba alikuwa mjane kwa muda wa kuchemsha chai tu, lakini alikuwa amekwisha fika huko, na sasa hakuona njia ya kurudi. Lorini alikuwa na mume anayegombana na redio. Wanawake wale wema, kwa ndizi zao na nyasi zao, walikuwa wamemwonyesha jinsi chumba chake kitakavyokuwa siku habari ya kifo itakapofika kweli.

Likazuka la pili, la chakula. Mwalimu aliomba kila mtu achukue mkungu wake arudi nao. Wanawake wakashtuka.

"Mimi siubebi," alisema yule aliyelia. "Nani abebe msiba kichwani aupeleke kwa watoto wake?"

"Lakini hakuna msiba."

"Ndizi zimeletwa kwa msiba, mwalimu."

Walibishana mpaka jua likaegemea. Nilitoka, nikaingia, nikatoka tena. Mwishowe muuza maandazi alivua viatu, akaingia ndani, akaanza kukusanya nyasi kwa mikono yake.

"Mtu yuko safarini," alisema. "Hizo ndizi mpikieni msafiri. Kwani kwenu msafiri hapikiwi?"

Shangazi alifikiri. Kisha akafungua yale majani ya mgomba kiunoni, akayatupa uani, akaenda kutafuta kisu cha kumenyea. Nyasi za msiba zilitolewa, zikaletwa nyingine, mbichi vilevile, zikatandikwa palepale. Kwa macho hukuona tofauti. Tulikula pamoja, na shangazi alipopakua alifunga fungu moja katika jani la mgomba akaliweka kando. Marehemu hawekewi chakula hivyo. Anayewekewa ni mtu ambaye unamtazamia.

"Hapendi ndizi," mwalimu alisema polepole.

"Atajifunza," alisema shangazi.

Jumamosi kibao kilipigiliwa kwenye nguzo ya pembeni, mbele ya ofisi ya tawi. Katibu wa tawi alisoma hotuba nzuri. Alisema kalamu ya mwananchi haifungwi kwa minyororo, na watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, huku nikitazama zile tundu za misumari nyuma ya bega lake. Kisha akamkaribisha mwalimu aseme mawili matatu.

Mwalimu alisimama chini ya kibao. Alishukuru. Alisema mumewe aliandika kuhusu bomba la maji.

"Bomba tu?" mzee mmoja alinong'ona. Wengine wakacheka.

"Bomba tu," alisema mwalimu. "Lilikuwa limekauka." Katibu akakohoa. "Mmempa mtaa. Basi naomba jambo moja. Siku atakayofika hatajua njia. Atateremka melini pale bandarini na mkoba wake, atauliza. Msimwonee haya. Msimwambie, tulidhani umekufa. Mwambieni mke wako anakaa nyumba yenye mlango wa kijani."

Akarudi kukaa. Makofi yalichelewa kuanza, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama kuelekea ziwani.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta uani, ameshika ndoo. Yule mwanamke aliyelia kwa sauti ya juu alikuwa anapita njiani, na nikaona jinsi alivyotatizika. Utamwamkiaje mtu uliyekwisha kumlilia mumewe? Alipunguza mwendo, akavuta khanga yake, kisha akauliza, kama vile anauliza habari za mtu aliyekwenda sokoni Kashai:

"Amefika?"

Mwalimu aliiweka ndoo chini.

"Bado."

"Haya. Atafika."

Kesho yake aliuliza mwingine. Haikuchukua muda, mtaa mzima ukawa unamwamkia hivyo. Waliuliza wakiwa na jembe begani, waliuliza wakirudi kisimani, na mjumbe aliuliza bila koti. Mwanzoni niliogopa kwamba wanamchoma kidonda. Halafu nikaona kwamba siku yoyote ambayo hakuna aliyeuliza, alisimama mlangoni akichungulia, mpaka apatikane wa kumwuliza.

Baadaye alihamishiwa shule moja Muleba. Alilia siku ya kuondoka, na alimwachia shangazi kazi ya kumwelekeza mgeni. Mimi nilipangiwa kazi, nikaiacha, nikaanza kuandika riwaya ambayo haitaki kukaa kama mimi nisivyokaa. Kabla ya kuondoka Bukoba niliandika upya ile mistari ya sabuni nikaipigilia palepale, katika tundu zilezile. Ilikaa mpaka saa nne asubuhi. Ya pili ilikaa mpaka adhuhuri.

Nimepita Bakoba juzi. Kibao kimepauka, mvua imekula herufi za mwisho. Mlango ule shangazi ameupaka kijani upya, ingawa nyumba nyingine zote za mtaa zinasubiri rangi tangu sijui lini. Nilikuwa nimesimama natazama nguzo ile, mwanamke mmoja akapita na kikapu cha samaki. Sikumjua, wala hakunijua. Alihamia hapo baada yetu, na sina hakika kama aliwahi kuambiwa ni nani anayesubiriwa. Aliniona natazama kibao, akapunguza mwendo.

"Amefika?" aliniuliza.

Nilitazama njia inayotoka bandarini. Mtu mmoja alikuwa anapanda taratibu, ana mkoba. Nilimngoja akaribie hadi nikamwona uso, kisha nikamjibu yule mama:

"Bado."