Timu Ilipokuja Kuposa Katubuka

Marcelina Ntakije aliposwa na timu ya mpira. Ndivyo ilivyokuwa, wala si utani. Jumapili baada ya misa, nyumbani kwao Katubuka, viti vya plastiki viliazimwa kwa majirani, kreti mbili za soda zikashushwa kwenye bajaji, na baba yake, Mzee Feliksi, akavaa koti alilofungia ndoa yake mwenyewe, koti lenye harufu kali ya dawa ya nondo. Hata angekuja mwanaume na barua ya uchumba wasingefanya zaidi ya hapo.

Tatizo ni kwamba katika ukoo ule hakuna aliyewahi kuona mtu akichukuliwa na timu ya Dar es Salaam. Habari ilipofika kwamba Zumaridi Queens wanatuma mjumbe na mkataba wa miaka mitatu, shangazi yake, Catherine, ambaye hakuna shughuli inayofanyika pale bila yeye kushika usukani, aliuliza swali moja tu. "Watu wanakuja nyumbani, wanamtaka binti, wanaondoka naye kwenda kwao, na kuna cha kutoa mezani. Hiyo inaitwaje?" Wote wakajibu kuwa hiyo ni posa. Basi ikapangwa kama posa, na katika posa binti hakai na wageni. Hukaa ndani mpaka aitwe.

Ndiyo maana mlinzi wa kati bora wa mashindano ya vyuo vikuu, mwanamke wa miaka ishirini na minne, mwenye shahada ya sayansi ya uvuvi, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha mama yake, amevishwa kitenge kipya kama mwali, akisikiliza watu wanane wakizungumza juu ya miguu yake kupitia pazia.

Chumbani kwake, mezani, palikuwa na barua. Serikali ilikuwa imempangia kazi ya ofisa uvuvi katika halmashauri moja ya mwambao wa kusini, ziwa hilihili la Tanganyika, na barua ilisema wazi kwamba asiporipoti ndani ya siku kumi na nne nafasi yake atapewa mwingine. Siku hiyo ilikuwa ya kumi na moja. Kufika huko kulitaka siku mbili. Na bado wakubwa walikuwa wamemwambia asubiri kikao, eti mshika mbili moja humponyoka, kana kwamba ni yeye aliyeziomba zije wiki moja!

Kwa miaka mingi watu walikuwa wakimchagulia. Alipokuwa kidato cha pili baba yake alivitupa viatu vyake vya mpira katika choo cha shimo, akasema mpira ni wa walioshindwa shule. Chuoni mhadhiri mmoja hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita "yule wa mpira", na kila alipofaulu mtihani alishangaa waziwazi. Uwanjani nako makocha walimwita "msomi", na hawakuwa wakimsifu. Kila upande ulimwona ni wa upande wa pili.

Lakini yeye alikuwa ameshachagua. Alichagua Alhamisi, pale ufukweni Kibirizi, akimsaidia mama yake Agnesi kuanua dagaa kabla mvua haijashuka. Magoti ya mlinzi wa kati yana miaka sita, pengine saba. Dagaa, mikebuka na samaki wengine wamekuwamo ziwani tangu enzi za mababu na watakuwamo bado. Samaki wangeweza kumsubiri, magoti hayangeweza. Alimwambia mama yake peke yake. Mama akaendelea kukusanya dagaa kwa viganja, kisha akasema, "Mimi mpira siujui, mwanangu. Ila ukitoka uwanjani unarudi na uso wako mwenyewe." Marcelina alitaka kulia, akabeba beseni.

Sebuleni mambo yalikuwa yakinoga. Mshenga alikuwa Mwalimu Samson, kocha aliyemwona Marcelina akicheza pekupeku shule ya msingi na kumnunulia jozi yake ya kwanza ya viatu. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likameremeta. Pembeni yake aliketi mjumbe wa klabu, Bwana Dismasi, mwenye simu mbili na haraka nyingi.

"Tumeona ua katika bustani yenu," alisema Mwalimu Samson.

"Bustani yetu ina maua mengi," alijibu shangazi. "Mnataka lipi?"

"Lile linalocheza namba nne."

Watu wakacheka. Shangazi akadai kifungua mlango, akapewa kitenge. Akadai cha mama aliyelea, kikatoka. Bwana Dismasi alitoa kila alichoombwa bila kulalamika, na mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini halalamiki. Lakini wakwe wakiwa wakarimu, nani anauliza? Ndipo shangazi akaita.

Marcelina alitoka, akapiga goti kidogo, akasalimia, "Shikamooni." Aliambiwa atazame chini. Alitazama meza. Pale palikuwa na bahasha, karatasi tano zilizobanwa pamoja, na kidau cha wino wa bluu, kilekile wanachowekea dole gumba wasiojua kuandika.

"Marcelina," alisema shangazi kwa sauti ya sherehe, "unawafahamu hawa wageni?"

"Nawafahamu."

"Tupokee walichokuja nacho, tusipokee?"

Kwa desturi jibu hapo ni neno moja, kisha vigelegele. Mama Melania, jirani yao, alikuwa tayari ameshalegeza ulimi.

"Ngojeni kwanza nisome," alisema Marcelina.

Mwalimu Samson akacheka kicheko cha kufunika jambo. "Binti yangu, hayo ya kusoma tuachie sisi wakubwa. Wewe weka dole, tule."

Marcelina akazichukua karatasi. Alisoma amesimama, ukurasa baada ya ukurasa, na soda zikaanza kupata joto. Mchezaji akiumia zaidi ya siku thelathini mkataba umekufa. Klabu inaweza kumpeleka timu yoyote bila kumuuliza. Mchezaji haruhusiwi kusoma wala kufanya kazi nyingine. Hayo yalimuuma, ila alikuwa ameyasikia kwa wenzake na alijua yanajadiliwa. Ukurasa wa mwisho ndio uliomchoma. Palikuwa na jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, urefu wake, halafu mstari mmoja uliojazwa kwa kalamu, kwa mwandiko alioufahamu tangu utotoni. Aliusoma kwa sauti.

"Elimu: darasa la saba. Hajui kuandika, ataweka dole gumba."

Alimgeukia kocha. "Mwalimu, huu ni mwandiko wako."

"Nilikusaidia," alisema Mwalimu Samson, naye alionekana kuamini anachosema. "Klabu hazipendi wasomi. Msomi anabishana, msomi anataka nakala. Nimepeleka wasichana saba kabla yako, na wote niliwaandika hivyo. Wote walichukuliwa."

"Wote wako wapi sasa?"

Mwalimu akainyoosha kola ya shati lake.

Marcelina akamgeukia mjumbe. Alijilazimisha kusema taratibu, maana alilitaka jambo lile, alilitaka kwa moyo wote, na hasira isingemsaidia. "Bwana Dismasi, mimi nimeshaamua kuja kwenu. Nina barua ya kazi ya serikali chumbani, nimeamua kuiacha. Futeni huu mstari, mwandike shahada yangu. Hicho kifungu cha kuumia kiwe miezi sita. Nasaini sasa hivi, kwa mkono wangu."

Bwana Dismasi akamtazama kwa mara ya kwanza, akaonekana kama mtu aliyegundua ameuziwa bidhaa siyo. "Una kazi ya serikali?"

"Ndiyo."

"Basi hapana." Akaanza kuzikusanya simu zake. "Dada, tuseme ukweli. Mwenye pa kwenda, siku chakula kikiwa kibaya au mshahara ukichelewa, anaondoka. Sisi tunachukua wasichana wasio na pa kwenda. Hao ndio wanaocheza mpaka mwisho wa msimu. Ukitaka, chukua ulivyoandikwa. Hutaki, wapo wengi."

"Mchagua jembe si mkulima," mtu akanong'ona pembeni. Mzee Feliksi akakohoa, akasema, "Mama, si uweke tu hilo dole? Mengine mtarekebisha mkifika."

Pale ndipo kitu kilipokatika. Marcelina alikifungua kidau, akalizamisha dole gumba mpaka kwenye kucha. Bwana Dismasi akanyoosha karatasi. Marcelina akampita, akasimama mbele ya Mwalimu Samson, akalikandamiza dole lake juu ya mfuko wa lile shati jeupe, akaligeuza kushoto na kulia vizuri, kama wanavyofundishwa wasiojua kuandika.

"Haya, Mwalimu. Nimesaini."

"Mawe we, mama yangu!" akapiga yowe shangazi Catherine, mikono kichwani.

Wageni waliondoka bila kuaga sawasawa. Kreti waliyoleta ambayo haikuwa imefunguliwa ilipakiwa tena kwenye bajaji, na kitenge cha shangazi nacho kikadaiwa. Ukwe ule uliishia hapo.

Mzee Feliksi alisimama katikati ya viti vitupu. "Umetuaibisha. Mwalimu yule amekulea."

"Mlitupa viatu vyangu chooni, baba, mkaniambia nisome," alisema Marcelina, na sasa hakujali majirani wanaosikia. "Nimesoma. Mlibeba magunia bandarini mgongo ukapinda ili nisome, nami sijasahau hata siku moja. Leo mmevaa koti, mmekaa hapo, mnasikia mwanenu anaitwa darasa la saba, asiyejua kuandika. Na mkasema niweke dole!"

Mzee alihangaika kufungua vifungo. Koti lilikuwa limembana mabegani. "Nilidhani ndivyo wanavyotaka," alisema mwishowe. "Nilijua unaupenda huo mpira. Lile la viatu nilikosea, sikujua nilirekebishe vipi. Nikasema safari hii nisikatae kitu."

Ingekuwa nafuu kumkasirikia mtu mbaya, lakini pale sebuleni Marcelina hakumwona mtu wa namna hiyo. Hilo lilimwongezea hasira tu. Mama yake alikuwa ameshaingia chumbani kumfungia begi.

Aliondoka alfajiri ya siku ya kumi na mbili, akaripoti siku ya kumi na nne saa tano asubuhi, wino ungali katika mzunguko wa kucha. Ofisini alipokewa vizuri. Ofisa utumishi, mama mchangamfu, aliviangalia vyeti vyake halisi kimoja kimoja, akavisifu, akasema mwambao wote ule ulikuwa na ofisa uvuvi mmoja na alikaribia kustaafu. Akampa fomu ya taarifa za mtumishi. Marcelina aliijaza kwa herufi kubwa: jina, mahali alipozaliwa, wazazi. Kwenye elimu aliandika kila kitu, jina la shahada lote, mpaka nafasi ikamwishia.

Chini kulikuwa na sehemu ya michezo.

"Hapo jaza vizuri," alisema yule mama, akimpima kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni. "Michezo ya watumishi inakuja, na timu yetu ya wanawake haina beki. Kila mwaka tunafungwa mpaka aibu. Na urefu huo wote, mama, usiniambie hukuwahi kucheza!"

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Nje ziwa lilikuwa likipiga mawe ya gati. Marcelina aliutazama wino wa bluu uliosalia kuchani, akaandika neno moja, akaisukuma fomu upande wa pili wa meza.

Yule mama akaisoma. "Hakuna? Hata shuleni?"

"Hata shuleni," alisema Marcelina. "Mimi nilisoma tu."